Jina la Baba Mkwe

Aurelia aliijua njia ya kwenda kazini isiyo na watu. Kila asubuhi aliiacha barabara ya Kivukoni upande wa kulia, akashika kijia kinachopita kati ya mashamba ya mpunga, akatokea nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji na mpera mmoja uliopinda. Kijia kile kilikuwa kirefu mara mbili kuliko barabara, na wakati wa masika kilimlowesha mpaka magotini. Alifika kazini gauni limemganda miguuni, viatu mkononi, lakini hajasalimiana na mtu hata mmoja.

Kusalimiana ndiko kulikomtesa. Ifakara salamu si neno moja la kutupiana mkiwa mnapishana. Mtu ataulizwa ameamkaje, nyumbani wameamkaje, mpunga umefikia wapi, bibi na mguu wake je. Na kila jibu linadai swali lake. Aurelia akiona mtu anakuja mbele aliyapanga maneno hayo kichwani, akayapanga vizuri kabisa, na mtu akifika yote yalimwagika. Koo lilimbana, viganja vikalowa, akabaki na shikamoo ndogo ambayo mwenyewe aliyeamkiwa aliisikia nusu. Kisha alishinda akiirudia salamu ile moyoni: angejibu hivi, angeuliza vile. Wengine walisema binti yule anaringa kwa sababu amesoma darasa la nane kwa masista. Yeye alitamani ingekuwa kweli. Anayeringa hulala usingizi.

Si kwamba hakuwa na sauti. Ndege wa mpunga waliijua. Alasiri, zamu yake ya kuwafukuza ilipofika, alipanda dungu katikati ya shamba la wakwe zake, akapiga kelele ambazo ziliwainua ndege mashamba matatu mbele. Ndege hawamtazami mtu usoni. Hawangoji kusikia atasema nini baada ya hapo.

Alikuwa ameolewa miezi tisa na Donati, kijana wa kazi kwenye pantoni ya Kivukoni, na kwa kuwa Donati aliondoka alfajiri na kurudi jioni, maisha yake mengi yalikuwa pale nyumbani na wazazi wa mume, na kwenye zahanati.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, bati juu, baraza pana mbele yenye mabenchi. Msimamizi wa zahanati alikuwa Bwana Kelestini, dresa, yaani mganga mdogo wa vidonda, mtu wa makamo asiyepandisha sauti, ambaye alikumbuka donda la kila mtu kuliko mwenye donda. Kulikuwa na mtu wa pili, Fulgensi, aliyesimama mlangoni na kuita wagonjwa. Na kulikuwa na Aurelia, ambaye aliketi nyuma ya kidirisha akiandika kadi: jina, mahali, ugonjwa. Alikipenda kidirisha kile. Kilileta mtu mmoja mmoja, tena kipande tu cha mtu, kidevu na vidole. Mwandiko wake ulikuwa safi hata bwana mmoja kutoka bomani alipopita kukagua aliuliza kadi zile zimechapwa wapi. Aurelia hakuwa na mahali pengine duniani alipojisikia hodari. Kazi hii ikimponyoka, angerudi kutwanga mpunga uani kwa mama mkwe wake, ambako wageni hawakatiki toka kuku wanapoamka.

Katikati ya Kwaresima Fulgensi aliaga, akaenda kutafuta kazi kwenye mkonge upande wa Kilosa. Bwana Kelestini alimwita Aurelia ndani akamweleza kwamba nafasi ile haitajazwa. Kuanzia Jumatatu atakayeandika kadi ndiye atakayeita. Aliongeza, bila ukali wowote, kuwa akiona hawezi aseme mapema, maana bomani wana orodha ya vijana wanaoweza yote mawili.

Aurelia alisema ndiyo. Ilikuwa njia fupi ya kutoka chumbani.

*

Jumatatu ile alitoka na kadi zake kama mtu aliyebeba maji ya moto. Watu ishirini na kitu walikuwa barazani, na wote, kwa kukosa jambo jingine la kutazama, walimtazama yeye. Aliinua kadi ya juu. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: Evaristo, Kisawasawa, kidonda. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akafumba mdomo, akafungua tena. Mtoto mchanga alikohoa, mama yake akamnyamazisha, na ukimya ukawa mkubwa kuliko mwanzo. Aurelia alihisi damu ikipanda masikioni. Alifikiri: sasa nitarudi ndani, nitavua koti hili jeupe, nitapita nyuma ya tangi, na sitaonekana tena.

Mzee mmoja aliyejua kusoma, aliyeketi karibu, akanyoosha shingo, akaichungulia kadi. Akawaambia wenzake jina. Hapo ndipo Mama Katarina, mwuza samaki ambaye hakuna shughuli Ifakara isiyokuwa na sauti yake, akapiga paja.

“Mwacheni mtoto wa watu,” alisema. “Baba mkwe wake anaitwa nani? Si hilohilo? Mlitaka alitamke hapa mbele yenu kama anaita kuku?”

Barazani pakapita mguno mrefu wa kuelewa. Ni kweli: baba yake Donati aliitwa Evaristo, na kwa wazee waliohamia kutoka upande wa Mahenge, mwana wa watu aliyefunzwa kwao halitaji jina la baba mkwe wake, hata akiulizwa na askari. Na akina Evaristo walikuwa wengi. Padre wa zamani alikuwa amebatiza wanaume wazima kumi na mmoja kwa siku moja ya Oktoba, akafungua kalenda ya watakatifu, akawapa wote jina la siku ile. Walikuwa wametapakaa bonde zima, wakizeeka pamoja.

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema siku hizi wasichana wa shule husahau hayo. Mwingine akasema mama yake huyu apewe mbuzi. Mama Katarina akasimama kando ya Aurelia, akaita yeye: “Evaristo wa kidonda!” na mwenye jina akajikokota ndani. Kadi iliyofuata ilikuwa ya Balbina. Aurelia alinong'ona, Katarina akapaza, na hakuna aliyeona ubaya. Hata kule kunong'ona waliona ni adabu ya mkwe mpya.

Aurelia alirudi kwenye kidirisha chake. Alikuwa ameokolewa, na zaidi ya kuokolewa, amesifiwa. Hakumwambia mtu kwamba wakati ule hakuwa amemkumbuka baba mkwe wake hata kidogo.

*

Sifa ile ilitembea haraka. Jumapili mama mkwe wake, Apolonia, aliketi benchi la mbele kanisani akiwa amejitanda kanga mpya, na baada ya misa alisimuliwa habari hiyo na watu wanne, akasikiliza mara zote nne kana kwamba ni mara ya kwanza. Kwenye mashine ya kukoboa aliisimulia mwenyewe. Akaanza kumwachia Aurelia paja la kuku.

Baba mkwe aliendelea na shughuli zake. Evaristo huyu alikuwa mzee mwembamba, mtaratibu, ambaye siku nzima angekaa kivulini pa ghala akisuka mitego ya samaki kwa matete. Kati yake na mke wa mwanawe desturi ilikuwa imeweka umbali: hawakutazamana usoni, hawakula mahali pamoja, na maneno yao yalipita kwa Apolonia. Apolonia asipokuwapo, yalipita kwa mbwa. Mbwa huyo aliitwa Shauri, kwa sababu alikuwa halali kifudifudi kama mbwa wengine, bali alikaa mkao wa mzee wa baraza, akisikiliza kesi za kila mtu bila kutoa hukumu. Mzee akitaka maji alisema, “Shauri, leo jua ni kali,” na Aurelia, akiwa jikoni, alichota maji.

Ndani ya wiki mbili uongo mdogo ulizaa. Alipokwama kwenye jina la Tadei, Mama Katarina mwenyewe alimuuliza kwa huruma kama huyo naye ni wa ukoo wa mume, na Aurelia akaitikia kwa kichwa. Ikawa Tadei hatajwi. Kisha Nikodemu, kwa sababu ya ami wa mume. Kisha Hermenegildi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, ila jina lenyewe lilikuwa refu na Aurelia aliliogopa. Wagonjwa walifanya mchezo wa kubahatisha: Aurelia aliinua kadi, wao wakataja majina ya wanaume wote waliowajua, na aliyetajwa sawasawa akaingia. Palichangamka. Bwana Kelestini, aliyekuwa ndani akichemsha sindano, alisikia kelele akafikiri baraza limepata watu wacheshi.

Kila siku Aurelia alijiambia kesho ataita. Kila kesho ilimkuta kwenye kijia cha mpunga.

Alhamisi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, Mama Katarina hakuja. Alikuwa Kivukoni kupokea samaki. Barazani palikuwa na watu wachache, wengi wageni, wasioujua mchezo. Kadi ya juu: Evaristo, Kivukoni, minyoo. Aurelia alisimama mlangoni. Akatazama wazee wawili walioketi benchi moja, akanyoosha kidevu, akasema kwa sauti iliyoishia kwenye kola ya koti lake, “Yule mzee.”

Wazee wakatazamana. Akainuka yule wa karibu na mlango, aliyekuwa na macho mekundu, ametembea kutoka Kisawasawa tangu alfajiri kutafuta dawa ya macho. Ndani, Bwana Kelestini aliitazama kadi, akamuuliza, “Evaristo?” Mzee akajibu ndiye, maana naye alikuwa Evaristo. Akapewa kikombe cha chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo. Akakinywa chote kwa heshima. Baadaye alieleza kwamba alidhani siku hizi dawa ya macho hunywewa.

Alishinda nyuma ya mpera, akienda na kurudi vichakani, Bwana Kelestini akimpelekea maji kwa mkono wake. Ilipofika saa tisa alikuwa amepona haluli na ametiwa dawa ya macho, na alicheka mwenyewe kuliko wote. Bwana Kelestini hakucheka. Alingoja wagonjwa waishe, akamkalisha Aurelia kwenye kiti cha wagonjwa.

“Heshima yako siipingi,” alisema. “Nami nina wakwe. Lakini mimi siwezi kumtibu ‘yule’. Leo ni haluli. Siku nyingine itakuwa sindano.”

Aurelia aliitazama sakafu.

“Jumatatu utaita kila jina kama lilivyo kwenye kadi, pamoja na mahali. Au utaniambia kuwa desturi yenu haikuruhusu, nami nitaandika barua bomani, na hapatakuwa na ubaya kati yetu.”

Ulikuwa mlango uliofunguliwa mbele yake. Angesema tu kuwa desturi hairuhusu, angeondoka na sifa zake zote, na Apolonia angeisimulia habari hiyo mpaka Mahenge. Aliaga kwa adabu, akatoka. Njiani mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha masuke, naye alitembea akijiuliza kwa nini ushindi huo unamnukia vibaya hivi.

*

Siku ile ile, jua likiwa bado juu ya milima ya Udzungwa, Aurelia alikuwa nyuma ya jiko akipepeta mchele. Apolonia alikuwa amekwenda kwa jirani. Baba mkwe alikuwa kivulini pa ghala na mtego wake, mbwa mbele yake.

“Shauri,” mzee alisema, “habari za haluli umezisikia?”

Ungo ukasimama mikononi mwa Aurelia.

“Mimi nimemsikia mtu akifukuza ndege shambani kwetu,” mzee aliendelea, akivuta tete kwa meno. “Sauti ile inafika mtoni. Nikajiuliza, sauti kubwa kama hiyo, ikifika zahanati inakwenda wapi? Watu wanasema inazuiwa na jina langu. Jina langu halina nguvu hizo, Shauri. Hata mbuzi hawalisikii.”

Mbwa akapiga mkia chini mara moja.

Kisha mzee akasimulia, polepole, akiachia tete na kulishika tena. Alisema kwamba wakati wa ujana wake, kabla ya pantoni, mtu akitaka kuvuka Kivukoni alisimama ukingoni akapiga ukelele kumwita mwenye mtumbwi aliyekuwa ng'ambo. Na mwenye mtumbwi yule hakuja kwa mluzi wala kwa kupungiwa mkono. Alitaka utaje jina lako, mtoto wa nani, na unakwenda wapi, na kingo zote mbili zisikie, ili mto ukikuchukua watu wajue wamtafute nani. Yeye alikuwa mchukuzi wa mizigo, anavuka karibu kila siku, na hakuweza kuita. Aliweka mzigo chini akangoja mtu mwingine aje aite. Siku moja alingoja toka asubuhi mpaka kengele ya saa sita.

“Wakasema Evaristo ni mvumilivu,” alisema mzee. “Evaristo hana papara, amelelewa. Nikaivaa sifa hiyo kama koti la kuazima. Linapasha moto, lakini huwezi kuinua mkono. Nilikuwa naogopa tu, Shauri. Miaka sita.”

Aurelia aliuweka ungo chini.

“Unataka kujua niliponea wapi?” Mbwa hakutaka kujua, alikuwa anajikuna. “Siku moja mtumbwi ulikuwa umekwisha kugeuka, unakuja, hauhitaji tena kuitwa. Basi nikaita. Sauti ilikuwa haina kazi, haina wa kumwangusha, ikatoka. Kesho yake nikaita ukiwa katikati ya mto. Siku nyingine ukiwa ndio kwanza unaondoka ng'ambo. Ilinichukua msimu mzima. Na watu wa ng'ambo hawakucheka. Walikuwa na mizigo yao kichwani, wanafikiria njia.”

Apolonia akaingia uani na habari za jirani, mzee akanyamaza, na mbwa akafukuzwa penye mchele.

*

Ijumaa asubuhi Aurelia alifika pale penye kijia, akasimama, kisha akafuata barabara. Hakujipa kazi kubwa. Alijiambia atasema tu pale ambapo neno lake halihitajiki tena. Mama Katarina alimpita na kapu la samaki kichwani, akamsalimu, akajibiwa kwa shikamoo ile ya nusu, akawa amekwisha kumpa mgongo. Hapo, salamu ikiwa imekwisha na hakuna anayengoja kitu, Aurelia akauliza kwa nyuma, “Na samaki nao wameamkaje, mama?”

Mama Katarina aligeuka na kapu lake lote. “Hawakuamka, mwanangu,” alisema. “Ndiyo maana nawauza.” Akaenda zake akicheka peke yake, na Aurelia akasimama barabarani moyo unamdunda kama aliyekimbia. Alingoja aibu ije. Ilikuja kidogo, ikazungukazunguka, ikakosa pa kukaa.

Jumapili mchana, kwenye ibada, padre alisoma litania. Watu mia mbili waliitikia “utuombee” kwa kila mtakatifu, na Aurelia, ambaye tangu utoto alikuwa anachezesha midomo tu, alitia sauti yake humo. Ilipotea kati ya sauti zile kama kijiko cha maji kilichomwagwa mtoni Kilombero. Hakuna aliyegeuka. Litania ilipofika mtakatifu wa ishirini aliitikia kwa nguvu kidogo, akamfikiria Mtakatifu Evaristo, ambaye hakuwamo kwenye litania, akaona ni afadhali.

Hakulala vizuri hata hivyo. Jumatatu alifika zahanati kwa barabara, viatu mguuni.

Alikuwa ameandika kadi tatu kilipotokea kidirishani kidevu anachokijua. Chembamba, chenye mvi chache. Aurelia akainamisha macho mara moja, na mzee aliyekuwa upande wa pili akageuza uso, akaiambia fremu ya dirisha kwamba ana kikohozi. Nyumbani hakuna aliyewahi kukisikia kikohozi hicho.

“Jina liandikwe kama lilivyo,” akaongeza mzee kwa fremu, akaenda kuketi.

Mkono wa Aurelia uliandika: Evaristo. Herufi zilikuwa safi kama siku zote. Mkono haukuwahi kuogopa.

Alipotoka mlangoni na kadi, baraza lilikuwa limejaa, na lilikuwa linajua habari za haluli. Mama Katarina alikuwapo. Yule mzee wa macho kutoka Kisawasawa alikuwapo, amerudi kuongezewa dawa. Na yule wa minyoo kutoka Kivukoni, ambaye Alhamisi aliondoka bila dawa, alikuwapo naye. Katikati yao baba mkwe, ameketi mikono magotini, anatazama nguzo. Kadi yake Aurelia aliiweka juu. Alijua akiiweka chini hataifikia.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, vilevile kama siku ya kwanza.

Mama Katarina akaanza kuinuka ili asaidie.

“Kaa, Katarina,” alisema mzee Evaristo. Alikuwa mtu asiyesema mbele za watu, na watu waligeuka kumtazama. Yeye aliendelea kuitazama nguzo. “Kwenye baraza hii mimi ni mgonjwa. Ukwe nimeuacha nyumbani, mbwa anaulinda.”

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, wakamgeukia Aurelia. Sasa hapakuwa na jina la kumzuia wala desturi ya kujifichia. Kulikuwa na yeye tu na kadi mkononi. Ndani, mlio wa vyombo vya Bwana Kelestini ulikuwa umekoma.

“Mama Katarina,” Aurelia alisema, na sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwapo, “asante. Haikuwa heshima. Siku ile nilikuwa naogopa tu. Mpaka sasa naogopa.”

Mama Katarina alikaa chini taratibu. Wiki tatu alikuwa ameisimulia habari ile kwa kila mnunuzi wa samaki, na ilionekana anaihesabu upya.

“Unamwogopa nani?” aliuliza mwishowe. “Sisi?” Akamshika bega mzee wa macho, akamgeuza uso. “Mtazame huyu, aliyekunywa haluli akidhani ni dawa ya macho. Huyu ndiye wa kuogopwa?”

Mzee wa macho akacheka wa kwanza. Kicheko kile kilipokuwa bado kinaendelea, hakuna anayengoja, Aurelia aliita.

“Evaristo!”

Ulikuwa ule ukelele wa shambani. Ulipita baraza, ukafika barabarani, na mtu wa baiskeli akageuza kichwa. Barazani wanaume watatu wakasimama kwa pamoja.

Walitazamana, wale wabatizwa wa siku moja. Zamani Aurelia angeingia chini ya ardhi. Lakini sauti ilikuwa imekwisha kutoka, na iliyobaki ilikuwa kazi ya karani tu.

“Evaristo wa Kisawasawa, macho, bado,” alisema. “Evaristo wa Kivukoni, minyoo, kaa baba, haluli yako ipo leo. Evaristo baba yake Donati, kikohozi, ingia.”

Wawili wakaketi. Mmoja akapita karibu naye kuingia ndani, bila kumtazama, kama desturi inavyotaka, na alipokuwa mlangoni akakohoa. Kilikuwa kikohozi kibaya kabisa cha kubuni.

Aurelia aliita kadi thelathini na nne siku ile. Zote hazikuwa nzuri. Jina la Hermenegildi alilimeza katikati, akalirudia, akalimeza tena, mpaka mwenyewe Hermenegildi akamwambia amwite Gildi kama mkewe anavyomwita. Saa sita sauti ilikuwa imekwaruza na kwapa za koti zimelowa. Bwana Kelestini hakumsifu. Alipokuwa anafunga kabati la dawa alimwambia kesho aje mapema kidogo, kadi za wajawazito zinahitaji kupangwa upya. Hakutaja barua.

*

Alirudi kwa barabara, na ilimchukua muda mrefu, kwa sababu watu walimsimamisha. Habari ilikuwa imetangulia. Mmoja alimuuliza kwa ukali kama ni kweli ametaja jina la mkwewe kwa kelele kama za kufukuza ndege, naye akajibu kwamba ni kweli, na kwamba mkwewe mwenyewe aliitika. Alikuwa anaogopa bado. Alijibu hivyo hivyo.

Apolonia alikuwa amekaa mlangoni, kanga mpya imekunjwa magotini. Hakufoka. Alisema tu, akiwa anatazama upande, kwamba amechekwa kwenye mashine ya kukoboa, na kwamba sasa hajui Jumapili atakaa benchi la ngapi. Aurelia alipiga goti akamwomba radhi, akamweleza yote toka mwanzo: koo, kijia cha mpunga, kidirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mama mkwe wake maneno zaidi ya kumi kwa mfululizo. Apolonia alisikiliza mpaka mwisho, akanuna. Kisha akauliza, kwa udadisi ulioshinda kununa kwake, ni kweli wale wazee walisimama wote watatu?

“Watatu, mama.”

Apolonia akafunika mdomo kwa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Siku hiyo Aurelia hakupewa paja la kuku, lakini alipewa shingo, nayo si haba.

Chini ya ghala baba mkwe alikuwa amerudi kwenye mtego wake. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, imejaa, na karatasi yenye mwandiko safi imefungwa shingoni.

“Shauri,” alisema mzee, “dawa hii ni chungu, na mimi si mgonjwa.”

Mbwa akaitazama chupa, asitoe hukumu. Aurelia alikuwa jikoni, amempa mzee mgongo, ungo mkononi. Hakungoja mama mkwe.

“Shauri,” alisema kwa sauti iliyofika ghalani bila taabu, “waambie wenye kikohozi wanywe kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, mpaka chupa iishe. Karani anahesabu.”

Halafu ikasikika sauti ya kizibo kikifunguliwa.